Mstari Mwekundu kwenye Geji ya Anatoli

Kanoni, Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, sasa jua limechungulia kidogo.

...na mikono yake, nilikuwa nakuambia juzi kabla wino haujaniishia, daftari langu. Mikono ya Anatoli. Inanuka oili hata Jumapili baada ya kuoga, na mimi naipenda harufu hiyo kuliko sabuni ya maua niliyoletewa na wifi. Nina siku kumi na nane tu za ndoa, lakini ningeitambua hatua yake kati ya hatua za watu mia.

Tangu asubuhi sijaisikia. Ndiyo maana naandika mchana huu, maana nikikaa bure nitalia.

Nianze na harusi, nipate kutulia. Siku ile gari letu lilichemka. Unalijua, lile pikapu kuukuu alilonunua Anatoli Bukoba ili abebe kahawa za watu. Lilikuwa likinileta kutoka kwetu Bugomora, limepambwa maua mpaka kwenye taa, na katikati ya mlima likatoa moshi mweupe, likafa. Anatoli aliruka chini akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, mvuke ukamchoma mkono. Nilishuka na shela langu nikasimama matopeni huku kina mama wakishusha maji kwa vibuyu. Wengine walicheka. Shangazi yangu hakucheka.

Tata, baba yangu, hakupaza sauti. Alimwambia Anatoli mbele ya wazee, "Mkwe, gari lako halina adabu. Linakufa bila kuaga. Binti yangu hatakuja kunitembelea ndani yake mpaka lijifunze kusema kabla."

Neno hilo lilimwingia mume wangu kuliko ule mvuke.

Juma lililopita akarudi kutoka Bukoba na kisanduku kifuani, kama amebeba kifaranga. Ndani mlikuwa na geji mbili mpya, moja ya oili na moja ya joto la maji. Gari lilipotoka kiwandani halikuwa na kitu cha namna hiyo, lilikuwa na saa ya mwendo tu, nayo mshale wake ulikufa zamani. "Sasa litasema," aliniambia, akanishika kidevu. Jamani, nampenda.

Jumamosi wakazifunga. Alilisogeza gari hadi chini ya dirisha langu kwa makusudi, kwa sababu mimi ni omugole, bibi harusi mpya, na omugole hukaa ndani mwezi mzima. Halimi, hachoti maji, hakanyagi uwanja, hazungumzi na wageni wanaume. Mwezi ukiisha ndipo hupelekwa kwao kuwasalimu wazazi. Na mgeni alikuwapo: Severini, fundi baiskeli, rafiki wa Anatoli tangu utoto, mwenye mdomo usiopumzika.

Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza. Nikawa naisoma dirishani, mama mkwe amesimama katikati, anapokea maneno yangu na kuyapeleka hatua tatu hadi kwenye gari, kana kwamba wale wanaume hawanisikii!

Severini alikuwa amekata kipande cha bati kutoka kwenye debe la mafuta ya taa, akakitoboa matundu mawili kwa patasi, akayalainisha kwa tupa mpaka geji zikakaa kama mayai kwenye kiota. Walikifunga kwa skrubu chini ya dashibodi. Shida ikawa mrija wa geji ya joto. Ni mrija mwembamba wa shaba, unatoka nyuma ya geji, unapita mpaka kwenye injini, na mwishoni una kichwa kinachozama ndani ya maji. Ulikuwa mrefu mno. Severini akachukua koleo.

"Omugole anasema mrija usikatwe," mama mkwe akatangaza.

"Mrefu kama utumbo wa mbuzi! Mama, nimekata waya za breki tangu nikiwa kijana, haujalia hata mmoja."

"Anasema ndani mna pumzi. Ukikata, pumzi inatoka, saa inakufa."

"Mwambie mimi nafunga gari, sifungi harusi!"

"Harusi ilishafungwa, Severini," mama mkwe akamjibu, na hilo sikumtuma mimi. "Wewe ulikuwa umelewa lubisi, hukuona."

Anatoli alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye usukani. Akaukunja mrija duara tatu, polepole, akaufunga kwa ukambaa wa mgomba. Mimi dirishani nikajiona malkia.

Hapo ndipo nilipokosea.

Karatasi ilisema kwamba kabla ya kufunga, kile kichwa kitumbukizwe kwenye maji yanayochemka, ili mtu aone mshale unasimama wapi. Anatoli akatazama jikoni, ambako sufuria ilikuwa ikitokota, akauliza kama tujaribu. Na mimi, mwenye darasa la kumi, nikasema hakuna haja. Nikasema maji huchemka kwenye digrii mia mbili na kumi na mbili za Farenheiti, kila mtoto wa shule anajua. Mshale ukiwa chini ya hapo, hana haja ya kuhofu.

Severini aliweka koleo chini. Anatoli aliniangalia kama mtu aliyewashiwa taa chumbani. Akaiomba rangi yangu ya kucha, akapiga mstari mwekundu kwenye kioo, juu ya mia mbili na kumi na mbili, akasema, "Huu ni mstari wa mke wangu."

Nilipata usingizi mtamu usiku ule.

Leo asubuhi ameondoka kwenda kuchukua magunia ya kahawa Igurwa, apande nayo ule mlima, ajaribu geji na mzigo kamili. Nilimfunga kitufe cha shati. Akapiga honi mara mbili.

Nikataka kumwandikia Mama barua. Sikuwa na karatasi, nikafungua sanduku langu, nikatoa daftari la sayansi la shule ili nichane kurasa tupu za mwisho. Daftari likafunguka lenyewe katikati. Mwandiko wangu, mara tatu mfululizo, kama adhabu: Nchi ya juu, hewa ni nyepesi, maji huchemka mapema.

Nikakumbuka yote. Sista alituchemshia maji darasani, kipimajoto kikagoma kwenye mia mbili na tatu, sisi tukapiga kelele kuwa kimeharibika. Sista akacheka, akasema kipimo ni kizima, ila sisi tunakaa juu kuliko waliokichora. Akatuandikisha mara tatu ili tusisahau.

Nami nikasahau.

Nchi yetu ni ya juu, daftari langu. Rejeta ya Anatoli itachemka kabla mshale haujaugusa mstari wangu. Maji yataisha naye bado ametulia, anaamini. Injini itakufa mlimani, na magunia yote yale nyuma, na breki mbovu ninazozijua, na upande wa chini hakuna kitu ila migomba ya watu na bonde. Naye akishuka, najua atakachofanya. Atafungua kifuniko kwa mkono uleule.

Sikuvaa viatu. Nilikanyaga uwanja, nikapita kahawa zilizoanikwa, nikapita wanawake wawili wenye majembe, nikasimama barabarani na kanga yangu ya bibi harusi. Mmoja alishika mdomo. Bahati ilikuwa moja tu, Severini alikuwa anakuja na baiskeli yake.

"Omugole barabarani! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu bado, shemeji. Mfuate Anatoli. Mwambie mstari ni mwongo."

"Jumamosi ulikuwa wa shule, leo ni mwongo?"

Nikamweleza kwa kigugumizi. Alikuna kichwa. "Shemeji, maji ni maji. Yana habari gani na mlima?"

"Severini, nakupigia magoti."

Nikapiga kweli, kwenye tope. Aliacha utani. Akageuza baiskeli, akaenda amesimama juu ya pedali.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni. Alikuja, akavua kanga yake ya juu, akanifunika mabega, akaniingiza ndani mbele ya wale wanawake. Sijui kama ana hasira. Yuko jikoni anamenya ndizi, na kisu chake kinakwenda haraka.

Jua sasa limepita mlango. Kila mngurumo wa radi mbali naudhani ni injini.

Je, nilimpenda zaidi, au nilipenda zaidi kuonekana najua?

Naacha kalamu. Nasikia honi.

Moja.

Mbili.

Ni jioni, bado kuna mwanga. Nimerudi kukuambia, maana uliteseka nami.

Walikuja wote wawili, baiskeli imelala juu ya magunia. Nilimkagua Anatoli kama mtoto, mkono huu, mkono huu. Mzima! Nililia kwenye shati lake mbele ya Severini, wala sikujali.

Severini alikuwa amemkuta katikati ya mlima, anapanda taratibu, anaimba, macho kwenye mstari wangu. Mshale ulikuwa mia moja tisini na nane. Severini akapiga kelele, "Mke wako yuko barabarani!" na Anatoli akadhani mimi nimekufa, akakanyaga breki, akazima injini, akaweka jiwe kwenye gurudumu. Walikuwa bado wanabishana pale rejeta ilipoanza kuguna. Wakachungulia ndani. Mia mbili na tatu, maji yanaruka, na mstari mwekundu uko juu huko, haujaguswa. Hakuna aliyegusa kifuniko. Waliketi kwenye majani mpaka mshale ukashuka, wakaongeza maji, wakapanda kwa vituo viwili.

"Geji haikukudanganya," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyekudanganya. Sikujua, nikasema najua."

Alinifuta machozi. Kisha akasema, "Lakini ulitoka." Akatazama miguu yangu yenye tope. "Ulitoka bila viatu."

Severini akadakia kwamba kuanzia leo hatakunja hata spoku bila kuniuliza, halafu akanibishia tena kwamba maji ni maji.

Anatoli amefuta ule mstari kwa kucha, akachora mwingine chini zaidi, kwenye mia moja tisini. Safari hii mimi ndiye niliyeshika kichupa cha rangi, nimesimama uwanjani.

Nilimwendea mama mkwe kumwomba radhi kwa aibu niliyomletea. Aliendelea kumenya. "Mimi nilitoka siku ya nne," akasema. "Ng'ombe alikuwa anazaa, ndama amekwama. Mama mkwe wangu hakunisemesha hadi mavuno." Akaosha kisu. "Aliyekwisha toka ametoka. Kanoni nzima imekuona, tunamficha nani tena? Nenda ukamwone mama yako. Usisubiri mwezi uishe."

Nimechana kurasa nyingine za daftari la sayansi, lakini ule wenye mistari mitatu nimeuacha. Barua kwa Mama ni fupi. Nimemwandikia: Mwambie Tata gari limejifunza kusema, nami najifunza kulisikiliza. Tutakuja polepole, tutasimama kila linapotuambia tusimame, na kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwako.