Mvua ya Mawe Iliyoruka Shamba Langu

Jumatatu, 7 Julai
Nimekamua. Lita sita, na ng'ombe amekonda. Akiniona mimi maziwa hujileta.

Jana nilikuwa Kedowa, kanisani kwa dada yangu Rael. Wakauliza nani ana ushuhuda. Mimi watu wakiuliza hivyo siwezi kukaa. Nikawapa ile mvua ya mawe ya Ijumaa. Mawe kama mayai ya bata. Chai ya majirani yote imekuwa kama sukuma wiki iliyokatwa. Mimi nikapiga magoti katikati ya shamba, mawe yakaniruka, sikupoteza hata jani moja. Mchungaji alilia. Rael alilia kumshinda. Nilikula kuku karibu mzima.

Hapa hakuna anayesoma, kwa hivyo niseme. Sikupoteza jani kwa sababu jani halikuwepo. Jumanne nilikuwa nimepruni, nimekata matawi yote kwa panga, chai ikabaki vijiti vya kufika magotini. Mama Kibet, mke wangu, alitaka kuni. Na mawe yakinyesha nilikuwa chini ya kitanda. Lakini niliomba kweli, huko chini.

Jumatano, 9 Julai
Watu wa Ndanai wamesikia. Wananitaka Jumapili, mkutano mkubwa. Nimepaka viatu rangi. Safari hii mawe yatakuwa kama mayai ya bata mzinga.

Alhamisi, 10 Julai
Cherono, binti ya Rael, amepiga simu. "Anko, mama ameacha dawa za presha. Tangu Jumapili." Amezificha kwenye gunia la viazi. Anasema Mungu aliyelinda majani ya ndugu yake hawezi kushindwa na damu yake.

"Wewe ndiye ulimwambia," Cherono akasema. "Kuja umwambie tena."

Nikasema mama yako ni mtu mzima. Nikakata simu.

Nikakaa kula ugali. Mama Kibet aliniangalia tu. Yeye anajua. Ndiye alibeba kuni.

Ijumaa, 11 Julai
Rael ameanguka jikoni. Hakuumia. Kichwa kinamgonga, anaona nyota mchana. Anasema ni majaribu, atashinda.

Nimeogopa. Mimi niliyefukuza chui kwa kofia. Rael aliacha shule ndio karo yangu itoshe. Nikafika darasa la saba nikatoroka. Hajawahi kunikumbusha.

Jumamosi, 12 Julai
Nilienda Kedowa na kijiti kimoja cha chai kwenye mfuko wa koti. Njiani nilitengeneza hadithi tatu za kujiokoa. Zote nzuri.

Nikakiweka mezani. Rael alichuma chai miaka ishirini kwenye mashamba ya watu. Alipitisha kidole pale kwenye mkato.

"Hii ni panga. Ya lini?"

Jumanne. Kabla ya mawe.

Akarudisha kijiti mezani.

"Kwa hivyo Mungu hakufanya kitu?"

Nikasema alichofanya yeye sijui. Nilichofanya mimi ninajua. Nilidanganya kanisani.

"Na nani alikuambia upruni wiki hiyo?"

Mama Kibet. Alikosa kuni.

Alicheka mpaka akashika kifua, nikaogopa tena. "Basi Mungu alipitia kwa kuni, wewe kichwa ngumu. Angepitia kwako angechelewa."

Zile hadithi tatu sikuzitoa.

Akamtuma Cherono kwenye viazi. Aliombea hizo dawa kwanza, maombi marefu, mkono juu ya pakiti. Halafu akameza moja na uji, akiniangalia.

Jumapili, 13 Julai
Sikutoka Kedowa. Nilisimama kanisani nikarudisha ushuhuda wangu, kwamba ulikuwa uongo. Maneno machache. Hakuna aliyelia. Hakuna kuku.

Nikapigia Ndanai, nikawaambia sina kitu.

Jumamosi, 9 Agosti
Ukungu asubuhi. Cherono amesema presha ya mama yake imeshuka, kliniki wamefurahi. Rael amesema ni Mungu. Wote wawili walikuwa kwa simu moja, wakibishana. Sikuingilia.

Vijiti vimeanza kuchipua. Nimesimama hapo muda mrefu. Mama Kibet aliniita kutoka jikoni, akauliza kama chipukizi zimekuwa kama mayai.

Nikamwambia kama punje ya mchele.