Nilikukana, Mtani

Sista Nyamizi,

Nilikusingizia. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka, najijua. Dawa ulikuwa unanipa kila jioni kwa mkono wako mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nazitema. Sasa umekufa, watu wanakukumbuka kama nesi mzembe. Na mimi ninayejua ukweli niko huku juu ya Mkuyuni napalilia mchicha kama sina kosa.

Dar walinipasua kifua wakaniwekea mlango mpya wa moyo. Madaktari wale nawashukuru, ila wao walinishughulikia nikiwa nimelala. Wewe ulinipata niko macho, na ukorofi wangu wote. Niliporudi Morogoro kidonda kimeanza kutoa usaha, wiki tano ulikisafisha bila kukunja uso. Ulinifundisha kukohoa nimekumbatia mto ili mshono usiachie. Ulinitembeza ile korido huku unanicheka: "Mluguru gani wewe? Mlimani unapanda na mkungu wa ndizi kichwani, hapa tambarare unashika ukuta?"

Siku ile ya kwanza uliponiuliza kabila, nikakujibu, ukapiga makofi. "Basi nimepata maiti! Mimi Mnyamwezi, mtani wako. Ukifa nakuzika mwenyewe na hilo shuka nabeba." Wodi nzima ikacheka. Nami nikacheka, nimeshika kifua. Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa, "Maiti kaamkaje?" na mimi nakujibu, "Nakusubiri wewe utangulie."

Ndivyo nilivyokuwa nakujibu, mtani. Kila asubuhi.

Halafu ile dawa ya kulainisha damu. Siku moja napiga mswaki nikaona damu kwenye fizi. Nikaogopa, nikajua dawa hii inanimaliza. Ningekuuliza ungenieleza kwa dakika mbili. Sikuuliza. Nikawa naficha kidonge chini ya ulimi, ukigeuka nakitemea kwenye leso. Siku sita. Walipopima damu daktari akashtuka, akasema imekuwa nzito, mlango mpya unaweza kuziba. Akaniuliza mbele yako: "Dawa unameza?"

Mjomba wangu alikuwa amekaa pale kitandani. Mjomba aliyeacha shamba lake aje kuniuguza. Niliona aibu. Nikasema, "Huyu sista hanipi dawa. Kutwa kuniita maiti tu."

Matroni akaja. Wewe hukukasirika hata, ukamwambia, "Huyu mtani wangu, matroni. Muulize mwenyewe." Akaniuliza. Nikasema, "Mimi sina utani na huyu mama."

Mjomba aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake. Kwetu mtani hashtakiwi. Akikutukana unamrudishia, akibeba kuku wako unacheka. Hakuna mtu anayempeleka mtani kwa wakubwa. Siku tuliyoruhusiwa, tumefika Mkuyuni, mjomba ndiyo akafungua mdomo: "Severini, umemkana mtu aliyekuosha kidonda." Mpaka leo akija kwangu hakai.

Wewe wakakutoa wodini wakakupeleka chumba cha mafaili. Ulichofanya ni kumtuma yule mama wa usafi: "Mwambie maiti ameze dawa. Akifa sasa hivi watasema nimemuua mimi." Nilimeza. Mpaka leo nameza, na mchicha nakula kidogokidogo kila siku kama ulivyoniambia, maana mboga ya majani hupunguza nguvu ya dawa, siyo leo beseni zima na kesho hakuna. Niko hai kwa maneno uliyonitumia baada ya mimi kukuharibia jina.

Nilikuwa najiambia nitakuja kukuomba radhi. Nikivuna. Mvua zikipungua. Kifua kikipona vizuri. Mwezi uliopita nimekuja kupima damu nikakuta picha yako ubaoni, na maua. Presha, wakasema. Ulikuwa umezikwa juzi yake.

Kwa hiyo umetangulia kweli. Ningejua ningekujibu kitu kingine asubuhi zile.

Nimekwenda kwa matroni mara tatu. Mara ya kwanza kaniambia, "Mzee, mwenzetu ameshafariki, sasa unataka tufanye nini?" Mara ya pili kasema niandike barua. Nimeandika. Mara ya tatu barua haionekani, mhusika yuko semina, nirudi Jumatatu. Uwongo wangu waliupokea nimelala kitandani, hata shati sina. Ukweli nauleta kwa miguu yangu, nimechana nywele, nimevaa viatu, wananiambia Jumatatu! Inaniuma, mtani. Lakini nitamlaumu nani? Mimi ndiye niliyeanza.

Wiki iliyopita nilifika kwako Mwembesongo kutoa pole. Binti yako Sada akanipa kiti, akaniletea maji. Nilipomwambia mama yake aliniuguza, akaniuliza polepole, "Shikamoo baba. Wewe ulilazwa kule. Ni kweli mama alikuwa anawanyima wagonjwa dawa?" Nikasema nawahi gari. Nimekukana mara ya pili, mlangoni kwako, na maji yako nimekunywa.

Sada kanitumia ujumbe kwamba arobaini yako ni Jumamosi ijayo. Manesi wenzako watakuja, na matroni ameahidi kuja. Mazishi yako sikuja kufanya kazi ya mtani, kujifanya maiti na kuwachekesha wafiwa. Hii nakuja. Natoka huku alfajiri na mjomba, nimeshamwambia kila kitu, kasema atanisindikiza. Kabla sufuria halijafunuliwa nitatandika mkeka mlangoni kwako na kujilaza chali, vifungo nimefungua, kovu wanaliona. Asipite mtu. Watauliza huyu nani, nami nitawaambia mimi ndiye maiti wa Sista Nyamizi, dawa alinipa, nilizitema. Nitamwambia Sada kwanza, halafu matroni, na barua ya pili ninayo mfukoni, aipokee hapohapo mbele ya watu. Wakinipiga sawa. Wakicheka ndiyo vizuri zaidi.

Lala, mtani wangu. Jumamosi sinyanyuki kwenye ule mkeka mpaka jina lako limesafishwa.

Maiti wako,
Severini