Watoto Wanaochunga Mbuzi

Kasulu, 14 Julai 2024

Shoga yangu Nadine,

Hujambo mpenzi? Mguu unaendeleaje? Huku tu wazima, ila mama na kifua chake. Naandika kwa kuwa simu yako ilipasuka mlimani, na kuja hospitali Kabanga sijaweza, shughuli zimenizidi. Jamani, safari tuliyoiota tangu kidato cha pili ikaishia kwenye yale mawe! Nilipokuacha umekaa pale nilishuka mbio, kiatu kikakatika. Alhamdulillahi yule mama wa kuni niliyemtuma alikufikia. Si wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki!

Sasa sikia: Nurudini ameleta posa! Harusi mwezi wa kumi. Mpambe wangu ni wewe, hata kwa magongo.

Dada yako, Firdausi


Kabanga, 18 Julai

Dada yangu Firdausi,

Amahoro. Mama mpe pole. Mimi wamenifunga hogo la plasta kutoka kisigino hadi pajani, kukuna siwezi, lakini nipo. Mana yanje, Mungu wangu, Nurudini! Yule uliyekuwa ukimwona unajificha nyuma ya magunia? Hongera sana. Wauguzi wote nimewaambia niko hai kwa sababu yako. Mama yangu amefika kutoka Kumsenga, anakuombea kwa jina, na ameanza kukusukia kikapu cha harusi. Nitakuja, hata kwa kubebwa.

Mdogo wako, Nadine


Kumsenga, 25 Agosti

Firdausi,

Habari za huko. Barua zako mbili nimezipata, sikujibu kwa makusudi. Nina hasira mpaka kalamu inanitoka.

Kabla sijaruhusiwa, yule mama wa kuni, Immakulata, alikuja kuniona na ndizi mbivu. Nikamshukuru kwa kukubali kutumwa na wewe. Akashangaa. Alikukuta mtoni, chini ya mlima, akasikia sauti huko juu, akakuuliza, "Binti, kuna mwenzio?" Ukamjibu, "Hapana mama, nimekuja peke yangu. Hao ni watoto wanaochunga mbuzi."

Akaenda zake. Njiani akaisikia tena ile sauti: Firdausi! Firdausi! Akajiuliza, mtoto gani anaita mbuzi hivyo? Akatua kuni, akarudi.

Nilikuita mpaka koo likakauka, nawe ulikuwa unanisikia! Pole yako siitaki. Nataka sababu.

Nadine, uliyemwita mdogo wako


Kasulu, 2 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu kwa machozi. Mama kifua kimemzidi, usimwambie haya.

Siku ile wazee wa Nurudini walikuwa wanakuja alasiri. Nyumbani niliaga naenda kwa shangazi kupakwa hina. Ningeomba msaada, watu wangepanda, mji mzima ungejua nazurura milimani siku ya posa yangu. Nikajisemea, Nadine jasiri, ataita, mwingine atasikia. Nilikuwa na hofu, wallahi.

Nakuomba uje harusini. Mama mkwe kila siku ananiuliza, yuko wapi yule rafiki yako? Wakiniuliza ukumbini nitawajibu nini?

Dada yako siku zote, Firdausi


Kumsenga, 9 Septemba

Firdausi,

Mama yako mchemshie tangawizi, umtilie asali. Amenilisha pilau miaka yote, na kwa ajili yake habari za mlima hazitatoka kinywani mwangu. Mguu unakanyaga, ila nachechemea. Kikapu mama amekimaliza, amempelekea Immakulata.

Umeuliza uwajibu nini wakikuuliza rafiki yako yuko wapi. Jibu unalo tangu mtoni. Waambie umekuja peke yako.

Nadine