Gia ya Tano Imepatikana Kisangani

Tonton Faustin mpendwa,

Salamu toka Kisangani, kwenye joto linalofanya hata kalamu iteleze mkononi. Giaboksi ya gari lako la zamani nimeipata, lakini sikia ilivyokuwa.

Muuza vipuri mmoja hapa Makiso aliniapia kwamba yake ina gia tano. Nikazungusha shafti kwa mkono, nikaingiza gia moja moja, nikakwama kwenye ya nne.

"Papa, ya tano iko wapi?"

"Bon, hesabu muzuri," akajibu bila aibu. "Moja, mbili, tatu, ine, na ya kurudi nyuma. Haiko tano?"

Nilitaka kulia. Nilikuona akilini, hapo nyumbani, gari umeshalifungua lote, unaningoja. Mke wa muuzaji, aliyekuwa akikaanga mikate kando yetu, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Na hii yenye niko naikalia?"

Akainuka, akafunua kitenge: giaboksi nyingine! Nikaijaribu, na gia zote tano zikaingia laini. Mume akafurahi, ila mama akaizuia kwa mguu.

"Nikikupatia, mi nitakaa wapi?"

Donc nikaenda kununua kiti cha plastiki. Mutu wa toleka akakipandisha kwenye baiskeli kama abiria, mimi nikakimbia nyuma. Mama akakikalia, akajitikisa huku na huku, akafumba macho.

"Alors, beba chuma yako. Imenivunja mugongo tangu niolewe."

Mkumbatie mkeo, Tantine wangu. Mungu awatunze, na wewe upumzike kidogo, Tonton.

Binti yako,
Clarisse