Mimi Ndiye Ninayetia Chumvi Baada ya Bibi Kuonja

Mpendwa Mama Leonilde,

Kabla ya salamu naomba niseme jambo, maana nikianza na salamu nitaghairi na barua hii itaishia jikoni kwenye moto: mimi ndiye ninayetia chumvi kwenye nyama ya Bibi yangu baada ya yeye kuionja, natia kwa siri, na tangu mwezi wa kumi sijamwambia mtu, si baba, si rafiki yangu, si padri. Naomba msaada wako kwa sababu Krismasi inakuja na sitaweza tena kuificha.

Nina miaka kumi na minane, shule nimemaliza Julai, na familia yetu ina mgahawa kwenye barabara ya zamani kati ya Modena na Bologna. Baba alitaka nihudumie mezani lakini mimi ni mwenye haya kupita kiasi, siku ya kwanza nilibeba bakuli la supu nikaona aibu kuuliza ni la nani, nikazunguka nalo ukumbi mzima mara mbili kisha nikalirudisha jikoni, na wateja wakacheka, basi Bibi akasema, "Mleteni kwangu huyo, unga hauulizi maswali." Tangu siku hiyo nakaa naye kwenye ubao. Yeye anasukuma unga, mimi nakunja tortellini, vile vifuko vidogo vya unga vinavyojazwa nyama na kuliwa kwenye supu, na kwa kuwa kidole changu cha mwisho, kinachozungushiwa unga, ni chembamba, zangu zinatoka ndogo kama anavyozitaka yeye, saba zinaenea kwenye kijiko kimoja. Mama Leonilde, sijawahi kuwa na furaha kama hiyo mahali popote.

Bibi, nimwite Ermelinda kwa sababu majina yote humu nimeyabadilisha, amekaa kwenye ubao huo miaka hamsini na mmoja. Kwetu nyama ya kujazia anaionja yeye peke yake. Anachukua kidonge cha nyama kwa vidole viwili, anafumba macho, anatafuna, kisha anasema, "Imeshaonjwa," na neno hilo likishatoka hakuna mkono unaoruhusiwa kugusa bakuli, hata wa baba. Mwaka fulani shangazi yangu Wilma aliongeza jibini kidogo tu baada ya neno hilo, na mpaka leo akikosea jambo lolote anaambiwa, "Wewe si ndiye wa jibini?"

Mwezi wa kumi Bibi aliugua mafua mazito. Alipopona nilimkuta amesimama mbele ya sufuria ya vitunguu vinavyoungua, moshi umejaa, naye anaimba. Siku mbili baadaye akaonja nyama, akasema imeshaonjwa, nami nikalamba kijiko wakati wa kuosha nikakuta hakuna hata chembe ya chumvi. Nilinyamaza, nikidhani labda mimi ndiye niliyekosea, na Jumapili hiyo mabakuli mawili yakarudi kutoka mezani yakiwa yamejaa, jambo ambalo halijatokea tangu nizaliwe, na baba akaniambia kando, taratibu, "Mkono wa mama umechoka. Kitu kama hiki kikitokea tena, Krismasi nitaagiza za mashine, na yeye akapumzike." Mama Leonilde, Bibi akiondolewa kwenye ubao hatapumzika, atakufa.

Ndipo nikaanza. Akishaonja huwa anakwenda kunawa mikono na kubadilisha aproni, na mimi hapo hapo natia chumvi, nakuna kungumanga niliyoificha mfukoni, naonja, nachanganya, nafunika. Baba ameniambia nanukia Krismasi kila siku. Hakuna bakuli lililorudi tena. Wateja wanamsifu Bibi naye anasema, "Mnasema nini, ni kama kawaida," na mimi natamani ardhi inimeze.

Lakini nyama ya Krismasi haitengenezwi na watu wawili. Tarehe ishirini na tatu shangazi wote na majirani wanazunguka ubao, wanawake kumi na mmoja, Bibi anaonja mbele yao na kukunja kunaanza papo hapo. Sitapata nafasi. Na siku ya Krismasi watakuja watu tisini na wanne, na kati yao Mzee Learco, mchinjaji mstaafu ambaye kila mwaka anakula kijiko cha kwanza wakati ukumbi mzima umenyamaza, halafu anatoa hukumu. Mwaka jana alisema tu, "Kungumanga imepungua kidogo," na Bibi akamnunia hadi Pasaka.

Nikimwambia Bibi nitamvunja moyo, na atajua kwamba nimegusa bakuli lililoonjwa. Nikimwambia baba, ataagiza za mashine. Nikinyamaza, Bibi ataaibika mbele ya watu tisini na wanne. Nifanye nini? Nijibu gazetini bila wasiwasi, Bibi anasoma matangazo ya vifo tu, anasema anataka kujua nani amemtangulia.

Mimi, Kidole Kidogo


MAMA LEONILDE ANAJIBU

Kidole Kidogo, ngoja nifute macho kwanza, halafu nikukaripie.

Umefanya kwa mapenzi, nimekuona. Lakini nusu ya mapenzi hayo ni woga, na hilo unalijua mwenyewe. Ilikuwa rahisi kwako kuvunja sheria ya miaka hamsini na mmoja kuliko kufungua mdomo ukasema sentensi moja. Bakuli la supu ulilizungusha ukumbini mara mbili. Siri hii umeizungusha miezi miwili. Sasa iweke mezani.

Unafikiri unamlinda bibi yako? Mwanamke aliyeonja nyama nusu karne hajui kwamba mdomoni hamna kitu? Anasema imeshaonjwa na moyo unamdunda, binti yangu, na yuko peke yake na hofu hiyo, wakati wewe uko hatua mbili kutoka kwake, peke yako na yako. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ninyi wawili mmefichana uchi juu ya ubao mmoja.

Usimwambie baba yako. Ugonjwa ni wa Bibi, na ni yeye wa kuamua nani aujue. Usimwambie shangazi yeyote, hasa huyo wa jibini.

Mwambie Bibi, na umwambie wiki hii, asubuhi, mkiwa wawili, wakati anasukuma unga, ili mikono yake iwe na kitu cha kushika. Usianze na kosa lake. Anza na lako. Sema, "Bibi, nimegusa bakuli lililoonjwa." Akiuliza mara ngapi, mtajie idadi. Akikuita jina baya, lipokee, unastahili. Usikimbilie chooni kulia. Simama hapo mpaka amalize.

Na baadaye mpeleke kwa daktari wa pua na koo, kwa sababu mafua huiba ladha na mara nyingine huirudisha.

Ulimi unao, na wateja wako wameuthibitisha bila kujua. Tarehe ishirini na tatu haitakungoja. Kaseme kesho.


BARUA YA PILI, BAADA YA SIKUKUU

Mpendwa Mama Leonilde,

Nilisema! Ilikuwa siku ya Mtakatifu Lucia, tarehe kumi na tatu, asubuhi, ukungu umebana madirisha, Bibi anasukuma. Nikasema, "Bibi, nimegusa bakuli lililoonjwa."

Hakusimama. Akaendelea kusukuma mpaka unga ukawa mwembamba hata mishipa ya ubao ikaonekana chini yake.

"Mara ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Mwizi," akasema, na siku tatu zilizofuata hakuniambia neno isipokuwa "sogea." Sikukimbia. Nilikunja na kulia, nikalia na kukunja, na machozi yangu nikayaepusha na unga.

Siku ya nne nilimkuta ameweka mabakuli matatu ya nyama. Akanifunga macho kwa kitambaa. "Haya, mwizi. Sema."

"Hii haina chumvi, Bibi. Hii kungumanga imezidi."

"Na ya tatu?"

Nilisita, kwa sababu nilielewa kwamba ya tatu ndiyo ile aliyoitengeneza sawasawa. Kisha nikakumbuka ulivyonigombeza. "Ya tatu, jibini ni changa. Si lile letu lililokomaa miezi thelathini."

Nikasikia kishindo cha mti wa kusukumia juu ya ubao. Bibi aliinua simu nikiwa bado nimefungwa macho, akampigia muuza jibini. "Wewe mtoto wa juzi! Umeniletea jibini la kunyonya! Ulidhani nani hajui? Mimi? *Mimi*?" Akaweka simu chini, akavuta pumzi, akanifungua kitambaa. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Tangu mwezi wa kumi, kila kitu ninachokula ni kama kutafuna pamba. Nilikuwa naonja kwa kukumbuka." Kisha akaniambia nikuletee kahawa, nikajua nimesamehewa, kwa sababu aliyenuniwa haagizwi kahawa. Samahani, nimletee *yeye* kahawa. Furaha bado inanichanganyia maneno.

Tarehe ishirini na tatu wakaja wote. Bibi alichukua kidonge cha nyama kwa vidole viwili, wanawake wakanyamaza kama kanisani, naye badala ya kufumba macho akanigeukia.

"Fungua mdomo."

Shangazi Wilma akaruka. "Mama! Huyo? Huyo hata kuomba chumvi mezani anaona haya!"

"Nina miaka sabini na nane," Bibi akasema. "Nataka kumwona mrithi wangu nikiwa bado na macho ya kumwona. Na wewe wa jibini, kaa chini."

Walicheka wote isipokuwa mmoja. Nikatafuna. Nyuso kumi na moja zilinitazama, na masikio yangu yalikuwa ya moto.

"Chumvi bado," nikasema.

Bibi akatia kidogo, akanipa tena.

"Bado."

"Loo, ana kiburi kama chako, Ermelinda!" jirani mmoja akasema. Bibi akatia tena. Nikatafuna, nikafumba macho, na hapo ladha ikakaa mahali pake, chumvi, jibini, kungumanga nyuma kabisa kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nikasema neno ambalo halijawahi kusemwa na mtu mwingine kwenye ubao ule tangu baba yangu alipokuwa mtoto.

"Imeshaonjwa."

Tukakunja tortellini elfu saba.

Siku ya Krismasi ukumbi ulijaa, watoto chini ya meza, makoti yamelundikwa mpaka kwenye ngazi. Mzee Learco aliinua kijiko na watu tisini na watatu wakashusha vyao. Nilikuwa nachungulia kwenye mlango wa jikoni, Bibi kando yangu, amenishika mkono mpaka unauma. Mzee akala kijiko cha kwanza. Akala cha pili kabla ya kutoa hukumu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaendelea, mteja mmoja akakohoa, mwingine akacheka, naye anakula tu, mpaka akamaliza. Kisha akasimama, akalichukua bakuli lake, akaligeuza juu ya upara wake mbele ya watu wote.

Halikudondosha hata tone.

"Ermelinda," akasema, "mwaka huu ninune mimi, maana sina la kusema. Niongezeeni."

Ukumbi ulilipuka, Mama Leonilde! Waligonga meza, walipiga miguu, baba alitoa mfukoni karatasi ya kuagizia za mashine, ambayo alikuwa akiibeba tangu Oktoba, akaichana vipande na kuvirusha juu kama theluji. Watu wakamwita Bibi atoke. Akatoka, akinivuta kwa kamba ya aproni kama mbuzi.

"Mikono ilikuwa yangu," akasema. "Aliyeonja ni huyu."

Wote wakanitazama. Niliiva kama nyanya, lakini sikurudi jikoni. Nikachukua bakuli la nyongeza la Mzee Learco na nikauliza kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia, "Hili ni la nani?" Nikampelekea mwenyewe.

Daktari anasema tusubiri majira ya kuchipua. Siku iliyofuata Krismasi Bibi aliinama juu ya kikombe akasema anaisikia kahawa kwa mbali, au labda anaikumbuka tu. Sikumsahihisha. Kila asubuhi yeye anasukuma, mimi naonja, na shangazi wote wanaamini kwamba alinichagua kwa fahari tu. Na kweli ni kwa fahari. Hilo lingine tunalijua watatu, Bibi, mimi na wewe.

Na sasa wewe unayesoma gazeti hili. Ukifika siku moja kwenye mgahawa wa barabara ya zamani, bibi mmoja mwenye unga kwenye nyusi akija mezani kwako na kukuuliza, "Vipi, chumvi inatosha?", usimtazame kwa huruma. Anauliza kwa sababu anataka kujua. Mwambie inatosha, inamisha kichwa, maliza supu yako, na tafadhali, usimwambie mtu.

Kidole Kidogo