Mguu wa Mama na Zahanati ya Wifi

Nyumba ya kona, ghorofa ya juu,
Jumapili, baada ya zamu.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi, na pole kwa baridi ya huko. Kile kifua kimeacha kukusumbua? Sisi tu wazima, isipokuwa mguu wa mama na roho yangu.

Wifi yetu, mke wa kaka, amefungua zahanati ng'ambo ya barabara, inatazamana na kituo chetu cha afya. Viti vina mito, feni inazunguka, na kila mgonjwa anaitwa "mpenzi". Kwetu ni benchi la mbao na choo kimoja. Nina wivu, mdogo wangu, wacha niseme tu.

Mama alipata kidonda mguuni, akaja kwangu. Nikampanga foleni kama wengine, maana mimi ndiye muuguzi ninayewafokea wenzangu wanaopenyeza ndugu zao. Alikaa mpaka adhuhuri. Nilipotoka kumwita, nafasi yake ilikuwa imekaliwa na mtu mwingine. Yeye alikwisha kuvuka barabara.

Juzi kukawa na mkutano wa mtaa kuhusu mpango mpya wa serikali: kila mtu achangie bima, atibiwe popote bila kulipia mlangoni. Niliunga mkono. Nikasema afya si nyanya, kwamba ukikosa hela leo utarudi sokoni kesho. Wifi akainuka na mtandio wake wa hariri.

"Serikali ituachie soko letu," akasema. "Chema chajiuza, wifi yangu, kibaya chajitembeza. Muulizeni mama mkwe wangu anatibiwa wapi!"

Ukumbi mzima ukamgeukia mama na bandeji yake nyeupe pe. Watu wakacheka. Hoja nilikuwa nayo: muuza mkaa mmoja aliyerudishwa mlangoni kwa wifi kwa kukosa hela, mtoto wake anachemka homa. Lakini nilibaki naitazama ile bandeji. Imefungwa vizuri kuliko ninavyofunga mimi. Iliniuma sana.

Tangu hapo mama haniambii kitu. Anasema nisijisumbue, nina wagonjwa wengi. Tafadhali mpigie simu, umuulize kama kidonda kinakauka, halafu uniambie. Naosha vidonda vya mtaa mzima, na cha mama yangu inabidi nikiulizie kwako uliye mbali.

Msalimie shemeji na mapacha. Kaka anakusalimu, mkewe pia, nadhani. Mungu akulinde na akufungulie riziki.

Ni mimi dada yako,
akupendaye kuliko wifi.