Sala Yangu Juu ya Gari Haikuwa Idhini ya Kiwanja

Iowa, Amerika
Jumatatu asubuhi

Mdogo wangu Dieudonné,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako, kwa mkeo na kwa watoto. Nataka kujua kwanza mgongo wako unaendeleaje tangu ulipoanguka na pikipiki, na kama kikohozi cha mkeo kimepoa. Sisi huku tu wazima. Goti langu la kulia linanisumbua, na baridi ya huku haina adabu: humwingia hata mtu aliyevaa makoti mawili. Binti yangu Godelieve na mumewe huondoka alfajiri kwenda kazini, wajukuu huenda shuleni, nami hubaki na televisheni ambayo siielewi. Namshukuru Mungu kwa chakula na kwa paa.

Sasa nina wasiwasi, na sitauficha.

Tangu Alhamisi nimekupigia simu asubuhi na jioni. Inaita, haipokelewi. Kwa hiyo naandika. Godelieve atazipiga picha kurasa hizi na kuzituma kwenye simu ya dada yetu Mama Feza, naye atakusomea kwa sauti mkiwa mmeketi pamoja. Nimechagua njia hiyo kwa makusudi. Simu yangu unaweza kuiacha iite. Dada yako akisimama mlangoni mwako huwezi kumwacha aite. Dada, soma polepole, na usiruke neno hata pale ninapomgombeza.

Dieudonné, ujumbe wako wa mwisho nimeusikiliza mara nne. Ulisema, ukiniita Yaya kama kwetu mdogo anavyomwita kaka mkubwa: "Yaya, mambo iko sawa. Jumamosi ya wiki ijayo tunaenda kwa shefu wa mtaa, tunabadilisha kiwanja na ile gari. Iko hapa bandarini, imefunikwa na turubai, mupya kabisa. Ndo ile ulibariki, Yaya! Watu wote waliona video. Sasa utaogopa nini?"

Nitakuambia ninachoogopa. Lakini nieleze kwanza yaliyotokea siku ya ile video, kwa sababu kosa la kwanza ni langu, na katika miaka yangu yote darasani sikumwadhibu mwanafunzi kwa kosa la mwalimu.

Unakumbuka kwamba ni wewe uliyenituma. Uliona picha za gari lile refu la Kiamerika, lile la watu wakubwa ambalo kiwanda kimelibadilisha umbo, ukaniambia, "Yaya, uliko huko, uliza wenyewe walionunua, wanasemaje." Nilidhani ni udadisi tu. Hukuniambia kwamba yuko mfanyabiashara hapo Kalemie anayelileta kupitia Kigoma, wala kwamba anachotaka kwako ni kiwanja cha baba.

Katika parokia yetu ya huku yuko Mkongo mwenzetu wa Uvira, Papa Lucien, dereva wa malori, ambaye amelinunua gari hilo. Baada ya misa alinikaribisha nilione. Nikaushika mlango ili niuvute.

"Hapana, Papa, acha! Mlango unajifunga wenyewe."

"Na mimi kazi yangu ni nini?"

"Kazi yako ni kukaa tu."

Nikakaa. Nitasema kweli: ni zuri. Mbele hakuna vitufe, kuna kioo kimoja kirefu kinachoanzia upande wa dereva hadi upande wa abiria, kinawaka kama altare siku ya Pasaka. Kiti kilinipokea mgongo kana kwamba kinanijua. Tulizunguka mitaa michache, na goti langu lilinyamaza kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii. "Hii gari haitembei, Papa," alisema Lucien, "inaogelea." Mke wake, aliyekaa nyuma, akadakia, "Muulize kama aliwahi kunipangusa mimi kila asubuhi namna anaipangusa hii." Lucien akamjibu bila kugeuka, "Wewe baba yako hakunipa garanti." Tulicheka sote.

Tuliposhuka, wakanisogeza mbele. Unajua desturi yetu. Mtu akileta kitu kipya, uwe mtumbwi, cherehani au pikipiki, mkubwa aliyepo hukiombea, na mbele ya mwenye kitu hakuna anayetaja kasoro, hata mwenyewe. Niliweka mkono juu ya boneti. Nikaomba Mungu alilinde, na kila mtu wa ukoo wangu anayeitamani neema kama ile, Mungu amfungulie njia. Mkwe wangu alikuwa anarekodi. Nilipojiona katika simu nimesimama pale na koti jeusi, nilipendezwa. Mimi ndiye niliyemwambia, "Watumie wote wa nyumbani." Hayo ni majivuno, nami nimeyaungama.

Ndiyo sala uliyowaonyesha watu hapo Kalemie ukisema, "Mukubwa amekubali." Dieudonné, nililiombea gari la Lucien. Sikuombea kiwanja cha baba kitoke mikononi mwetu. Kiwanja hata sikukitaja. Ningekitajaje, na sikujua kwamba kimo katika jambo hili?

Baada ya ujumbe wako sikuweza kula vizuri. Ijumaa nilirudi kwa Lucien, safari hii bila kamera. Nikamwambia, "Lililoombewa limekwisha kuombewa. Sasa niambie kama unavyomwambia baba yako." Alitazama chini. Kisha akasema kwamba katika majira ya baridi kioo kile kirefu kilizimika asubuhi moja, na pamoja nacho vikazimika vingine vyote: hewa ya joto, redio, hata kamera anayotumia kurudi nyuma. Gari lilikaa gereji wiki nzima, si kwa sababu mafundi hawakuwa na bisibisi, bali kwa sababu walingoja kompyuta ya kiwanda izungumze nalo. "Papa, hawalifungui kwa funguo," alisema. "Wanaliuliza maswali kwanza." Nikawaza ni nani hapo kwetu, kati ya bandari na kituo cha reli, atakayeliuliza maswali.

Jirani yetu wa upande wa pili ni mzee wa Kiamerika aliyekuwa akisambaza barua. Alikuwa na gari la umbo la zamani la aina hiyo hiyo kwa miaka mingi, na mwaka jana alichukua hili jipya. Nilimuuliza kupitia Godelieve kama anajuta. Alijibu, "Sijuti. Nimekasirika tu." Gari la zamani lilikuwa na vitufe vya kuzungusha, naye aliweza kuongeza joto akiwa amevaa glavu, macho yake yakiwa barabarani. Sasa ni lazima avue glavu na atafute picha ndogo kwenye kioo, mkewe akipiga kelele, "Tazama mbele!" Lakini mkewe huyo, mwenye nyonga mbovu, anaingia na kutoka bila kulia. Kwa hiyo hataliuza. Nakuandikia na hilo ili usiseme nimekusanya mabaya peke yake.

Aliyenitia hofu hasa ni Mama Espérance, mwanamke wa Bukavu. Yeye ana gari hilo hilo na analitumia kwa kazi ile ile unayoitaka wewe: anabeba wageni wa uwanja wa ndege na maharusi. Nilifurahi kumpata, nikidhani atakutetea. Na kweli alianza kwa sifa. Wateja hulipiga picha kabla ya kuingia, maharusi humwomba azunguke mtaa mara ya pili. Kisha akainama, akanionyesha gurudumu.

"Papa, tazama hii. Chuma ni kikubwa, mpira ni mwembamba kama mukate wa misa. Shimo moja tu, basi. Na hapa chini," akagonga tumbo la gari kwa kiatu, "nilivuka reli pole pole, likakwaruza. Reli ya huku, Papa, ambayo ni laini!"

"Mdogo wangu anataka kufanya kazi hiyo Kalemie," nilisema.

Alinitazama kuona kama ninatania. "Kalemie gani?"

"Kalemie ya ziwani."

"Lami iko?"

Nikaanza kuipitia mitaa yetu kichwani. Nilitoka bandarini, nikapita sokoni, nikapanda kilimani kuelekea kanisani, nikashuka hadi kwako. Sikumaliza. Mama Espérance akasema, "Papa, Mungu anisamehe, kwetu hii itakuwa nyumba ya kuku. Lakini itakuwa nyumba ya kuku ya muzuri sana."

Alicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Mdogo wangu, gari si baya, wala wenye nalo si wajinga. Wamelinunua kwa ajili ya barabara zao na mafundi wao, na likiwashinda watalirudisha lilikotoka. Wewe likikushinda utamrudishia nani? Mfanyabiashara atakuwa amekwisha kujenga.

Fikiri pia kwa nini anakitaka kiwanja kile na si kingine. Tangu ziwa lilipopanda na kumeza pwani, akina mama wanaokausha samaki wamepoteza sehemu zao moja baada ya nyingine. Kiwanja ambacho baba alikipata alipokuwa mfanyakazi wa reli kiko juu kidogo, na maji hayajakifikia. Ndiyo maana dada yako na wenzake wanaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, pale. Ndiyo maana mfanyabiashara naye anakitaka. Ameona ardhi kavu karibu na bandari. Wewe umeona kioo kinachowaka. Kati yenu wawili, ni nani aliyetazama vizuri?

Najua unachokitafuta, Dieudonné, wala sikidharau. Tangu ulipoanguka huwezi tena kubeba abiria kwa pikipiki. Unakaa nyumbani, vijana waliokuwa wakikuita "Patron" kama bosi wao wanapita bila kusimama. Umechoka kuitwa mdogo wa mwalimu. Unataka siku moja mlango ujifunge wenyewe nyuma yako, na watu waone. Ningekuwa na umri wako na mgongo wako, pengine ningetaka vivyo hivyo. Hata mimi niliweka mkono juu ya boneti nikataka nionwe. Lakini utakapokuwa unaangaliwa na watu hao, dada yako ataanika wapi? Mjibu sasa hivi, kabla hajasoma mstari unaofuata.

Natumaini amengoja.

Sasa nasema kama mkubwa wenu. Baraka sirudishi, maana haikuwa mali yangu. Ilikuwa ya Mungu na ya gari la Lucien. Lakini kiwanja kile baba alituachia watatu, na alisema mbele ya katekista kwamba hakitoki bila watatu kukubali kwa vinywa vyao, kila mmoja kwa jina lake. Mimi, Augustin, sikubali. Mkuu wa mtaa akitaka kunisikia, anipigie. Simu nitakuwa nimeishika mkononi Jumamosi yote. Mfanyabiashara mwambieni kwa heshima kwamba gari lake ni zuri na kwamba hatulichukui. Hilo umwambie wewe mwenyewe, Dieudonné, si dada yako. Ukimwambia wewe, hakuna atakayesema kwamba ulikatazwa.

Na usiache kupokea simu yangu. Huku niliko, simu isiyopokelewa hunifanya nifikiri mmekufa kabla ya kufikiri kwamba mmenikasirikia.

Nisalimie mkeo, na umwambie anywe maji ya moto. Nisalimie shemeji yetu mvuvi, na mama mkwe wako aliye Kabimba, ambaye bado ananidai barua. Msalimieni katekista mzee aliyemsikia baba siku ile, na mwombeni akae karibu na nyumbani mwishoni mwa wiki hii. Wasalimieni wanafunzi wangu wa zamani walio bandarini; waambieni mwalimu wao bado anasimama wima, ingawa kwa fimbo.

Na wewe dada unayesoma, hili ni lako, naye alisikie. Jumamosi usingoje jua likolee. Mwite kila mama anayeanika pale. Tandazeni ndagala kutoka ukutani hadi mlangoni, pasibaki mahali pa kuweka mguu, kisha mkae kivulini. Akija mkuu wa mtaa na kamba ya kupimia, mpeni kiti na maji ya kunywa. Kisha mwacheni achague mwenyewe pa kukanyaga.

Ni mimi kaka yenu, ambaye hadi Jumamosi hatakuwa na raha,

Augustin